Kamera na vyombo vyake: tununue nini, tuache nini?

Katika miji yetu, tangu Bukavu mpaka Lubumbashi, arusi, ubatizo na matanga havikosi mpiga picha. Twamwona kijana huyo, kamera imening'inia shingoni, mara apanda juu ya benchi, mara apiga magoti, jasho lamtoka. Watu wamemkabidhi kitu kikubwa, yaani ukumbusho wao. Arusi hairudiwi kwa sababu picha zilitoka nyeusi. Na nyanya akiisha kuzikwa, hakuna atakayetupatia tena sura yake.

Kwa hiyo tusidhani ya kuwa kununua kamera ni mchezo wa vijana. Mara nyingi fedha hiyo ni ya jamaa nzima: akiba ya mama anayeuza sokoni, mkopo wa mjomba, mshahara wa miezi mingi wa baba. Fedha hiyo yaweza kuleta chakula nyumbani na kulipa karo ya wadogo. Yaweza pia kugeuka mfuko mzito wa vyombo visivyofanya kazi yo yote. Tofauti ya mambo hayo mawili haitokani na bahati. Yatokana na kuchagua. Basi leo twataka kuwasaidia wasomaji wetu wajue nini cha kununua kwanza, nini cha kungoja, na nini cha kumwachia mwuzaji dukani kwake.

LENZI NI JICHO

Mwaka 1975 huko Marekani, Steve Sasson, fundi wa kampuni ya Kodak, alitengeneza kamera ya kwanza isiyotumia filamu, inayoandika picha kwa namba. Picha yake ilikuwa na nukta elfu kumi tu, na kamera ilitumia sekunde 23 kuiandika picha moja juu ya kaseti. Leo kamera ya kawaida yatoa picha yenye nukta milioni 24, nazo nukta hizo zaitwa pikseli. Ndiyo maana wauzaji hupenda kutuhubiri habari za pikseli: kamera hii ina nyingi, ile ina nyingi zaidi.

Lakini tufikiri kidogo. Kabla mwanga haujafika mahali pa kuandikwa, hauna budi kupita katika lenzi. Lenzi ndiyo jicho. Jicho likiwa na ukungu, mwili wenye nguvu utafaa nini? Tena, mwili wa kamera huzeeka upesi, kwa kuwa kila mwaka viwanda hutoa mpya. Lenzi njema, ikitunzwa, yaweza kumtumikia mtu miaka 20 na kuzidi. Basi mwenye fedha kidogo na anunue mwili wa kadiri na lenzi njema, wala si kinyume chake.

Wala wingi wa vyombo si ufundi. Jean Depara alinunua kamera ndogo ya Adox mwaka 1950 kwa ajili ya arusi yake mwenyewe. Baadaye akawa mpiga picha mashuhuri wa Léopoldville, mji uitwao leo Kinshasa, na mwaka 2015 picha zake zilionyeshwa Paris. Mfaransa Henri Cartier-Bresson, ambaye dunia nzima yamjua, alifanya karibu kazi yake yote kwa lenzi moja ya milimeta 50.

NAMBA MBILI ZA KUSOMA

Juu ya kila lenzi zimeandikwa namba za aina mbili, na atakayezifahamu hatadanganywa kwa urahisi.

Namba ya kwanza ni ya milimeta. Yatuambia lenzi yaona upana gani. Ile ya 18 yaona pana, yafaa kwa kundi la watu ndani ya chumba. Ile ya 200 yaona nyembamba, yavuta kitu cha mbali. Ikiandikwa 18-55, maana yake yaweza kugeuzwa toka upana huu mpaka ule. Hiyo ndiyo lenzi ya zumu. Tujue pia kwamba kamera nyingi za bei nafuu zina kipokea mwanga kidogo kuliko fremu ya filamu ya zamani, iliyokuwa milimeta 36 kwa 24. Katika kamera hizo, lenzi ya 50 yaona nyembamba, kama ile ya 75 au 80 ingalivyoona katika kamera kubwa. Yafaa sana kwa picha ya uso, lakini chumbani yaweza kukushinda, kwa kuwa utagonga ukuta kabla hujawaingiza watu wote.

Namba ya pili yaonyesha ukubwa wa mlango wa mwanga. Huandikwa 1:1.8, au 1:3.5-5.6. Hapa wengi hupotea, maana namba ikiwa ndogo, mlango ni mkubwa. Lenzi ya 1.8 yaingiza mwanga karibu mara kumi kuliko lenzi iliyofika 5.6. Tutazame faida yake. Kanisani asubuhi yenye mawingu, mahali ambapo lenzi ya 5.6 yahitaji moja ya kumi ya sekunde, lenzi ya 1.8 yatosheka na moja ya mia hivi. Bwana arusi na bibi arusi wakitembea, katika moja ya kumi ya sekunde nyuso zao zitavutika kama moshi. Katika moja ya mia watasimama wazi. Basi, kijana aliyelaumiwa kwamba hajui kazi, pengine alikosa mlango wa mwanga tu.

LENZI TATU, KWA UTARATIBU

Ya kwanza ni ile 18-55 inayouzwa pamoja na kamera nyingi. Wako watu wanaoidharau kwa sababu ni ya bei rahisi. Tusiidharau. Nje, kwenye jua, yafanya kazi safi kabisa, na ndiyo ya kujifunzia.

Ya pili, na hii ndiyo tungeinunua kabla ya chombo kingine cho chote, ni lenzi isiyo na zumu yenye namba 1.8: ya milimeta 50 kwa nyuso, au ya 35 kwa mwenye kamera ndogo anayefanya kazi vyumbani. Viwanda karibu vyote hutengeneza lenzi ya namna hii, na mara nyingi ni kati ya zile za bei ya chini kabisa. Kwa kuwa haina zumu, utalazimika kusogea kwa miguu yako. Si hasara, kwa kusogea mpiga picha hujifunza kutazama.

Ya tatu ni lenzi ndefu, kama 55-200 au 55-250. Ni ya mpira wa miguu, ya ndege na wanyama. Mwenye kupiga arusi na picha za vitambulisho haihitaji mwaka wa kwanza. Twaisema kwa mkazo, kwa sababu vijana huipenda kuliko zote. Ni ndefu, yaonekana yenye heshima. Lakini ndani ya nyumba ni kama kipofu, na mtikisiko mdogo wa mkono huharibu picha yake. Kanuni ya zamani yasema: ukishika lenzi ya 200 kwa mkono, usipige polepole kuliko moja ya mia mbili ya sekunde.

KABLA YA KUTOA FEDHA

Lenzi haikai kwenye kila kamera. Lenzi ya Nikon haifungi kwenye Canon, wala ya Canon kwenye Sony. Hata katika jina moja kuna tofauti. Tangu mwaka 2018 Canon na Nikon wana kamera za aina mpya zisizo na kioo ndani, nazo zina mdomo mwingine. Lenzi za zamani huhitaji kiungo cha kati, yaani adapta. Tena kamera ndogo za Nikon, kama zile za D3000 na D5000, hazina mota ndani yake; ukizifunga lenzi ya zamani isiyo na mota, itakubidi ulenge kwa kuzungusha mkono. Kwa hiyo nenda dukani na kamera yako, uifunge lenzi, upige picha kumi, uzikuze katika kioo cha nyuma, ndipo ulipe.

Wengi wetu hununua vitu vilivyokwisha kutumika, wala si vibaya. Chukua tochi, umulike ndani ya lenzi toka upande mmoja, utazame toka upande wa pili. Vumbi dogo si neno. Lakini ukiona nyuzi nyembamba kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu imeota juu ya kioo. Iache, hata kama bei yapendeza. Zungusha pete zote: zisikwame, zisilie kama mchanga.

VYOMBO VYA LAZIMA

Betri ya pili ni ya kwanza katika orodha. Umeme wetu twaujua. Arusi huanza asubuhi, huisha usiku, na betri moja haitafika.

Halafu kadi za kumbukumbu. Kadi mbili za ukubwa wa kadiri ni bora kuliko moja kubwa sana, kwa kuwa kadi ikiharibika, nusu ya kazi itapona. Tazama alama zake: 10 ndani ya herufi C maana yake kadi yaandika walau megabaiti 10 kwa sekunde, V30 maana yake 30. Sokoni kuna kadi za uongo, zilizoandikwa ukubwa ambao hazina. Hizo hupokea picha bila kulalamika, kisha picha haziko. Kabla ya kuichukua kazini kadi mpya, ijaze kabisa nyumbani, ukague faili moja moja. Na sheria kubwa ni hii: usifute kadi mpaka picha zake zimewekwa mahali pawili, si pamoja.

Tatu, kofia ya lenzi. Yazuia jua la upande lisioshe rangi ya picha, na kamera ikigonga mlango, kofia huumia badala ya kioo. Nne, mpira wa kupulizia vumbi na kitambaa laini. Usipanguse lenzi kwa shati. Pulizia kwanza, ndipo upanguse, maana punje moja ya mchanga chini ya kitambaa ni kama msumari.

VYOMBO VYA KUNGOJA

Flashi ni chombo chema kwa mwenye kujua kuigeuza. Mwanga wake hupungua haraka: umbali ukiongezeka mara mbili, mwanga unabaki robo. Ndiyo sababu watu wa mbele hutoka weupe kama karatasi, na wa nyuma humezwa na giza. Ielekeze juu kwenye dari nyeupe, mwanga utarudi mpole juu ya wote. Kanisani umwombe padri ruhusa kwanza. Wengine hawaitaki wakati wa Misa, na hapo lenzi ya 1.8 ndiyo itakayokuokoa.

Stendi ya miguu mitatu yafaa kwa makundi na usiku. Stendi nyepesi inayotetemeka kwa upepo ni fedha iliyotupwa. Filta ya kupunguza mng'ao wa maji na majani hufanya kazi kweli, lakini hula mwanga mwingi. Filta nyingine za rangi, wapita njia watakazokuuzia, ziache. Kompyuta yaweza kuifanya kazi yake bure.

Na kiko chombo kisicho na bei, yaani shuka jeupe. Mpime wa mwanga wa kamera hudhani kila kitu duniani kina rangi ya kijivu. Uso mweusi ukisimama karibu na nguo nyeupe ya arusi, kamera huona weupe mwingi, hupunguza mwanga, na uso wa bibi arusi hupotea. Basi pima mwanga juu ya uso, si juu ya nguo. Umweke karibu na dirisha. Na ndugu mmoja ashike shuka upande wa pili, lirudishe mwanga juu ya shavu. Nyuso zetu zina haki ya kuonekana kama zilivyo.

ADUI WAWILI

Huko Kisangani na misituni adui ni unyevu. Lubumbashi wakati wa kiangazi adui ni vumbi. Kuvu hupenda giza, joto na hewa isiyotembea. Usifungie lenzi kwa miezi mingi katika mfuko wa ngozi. Iweke ndani ya sanduku la plastiki lenye kifuniko kinachobana, pamoja na vifuko vya silika vinavyonyonya unyevu, na uitoe mara kwa mara uitumie. Mahali pa vumbi, usibadili lenzi njiani. Ingia nyumbani, zima kamera, elekeza mdomo wake chini, ubadili upesi.

Basi, vijana wetu, tufanye hesabu. Mwili wa kadiri, lenzi mbili, betri mbili, kadi mbili, kofia, mpira wa vumbi, sanduku na vifuko vyake. Mtu aweza kufanya kazi ya heshima kwa vyombo hivyo. Kazi ikiisha kuleta fedha, fedha hiyo yenyewe itanunua flashi, halafu stendi. Mwenye kuanza hivyo atamrudishia mama akiba yake mapema, na familia zitakazomwita zitapata picha za kuwaonyesha wajukuu.