Asiyekuwepo na lake halipo: Safari ya Wakamba hadi Bunge la kikoloni

Mpiga kura wa Matinyani, katika eneo bunge la Kitui Magharibi, alipofika kituoni Machi 4, 2013, alikabidhiwa karatasi sita za kura. Alimchagua rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa wanawake na mwakilishi wa wadi. Babu yake hakuwa na hata karatasi moja. Kwa miaka 50, tangu 1907 hadi 1957, sheria zilizomhusu yeye, mifugo yake na jasho lake zilijadiliwa Nairobi katika baraza ambamo Ukambani haukuwa na kiti cha kuchaguliwa.

Baraza hilo lilikuwa Baraza la Kutunga Sheria, maarufu kama Legco, ambalo ndilo mzazi wa Bunge la Kenya. Kufahamu waliokuwa wakiketi humo, na jinsi walivyopata viti vyao, ni kufahamu kwa nini haki ya uwakilishi ilipiganiwa kwa muda mrefu kiasi hicho.

Baraza la maafisa na walowezi

Legco ilikutana kwa mara ya kwanza Agosti 17, 1907, wakati nchi ingali ikiitwa Himaya ya Afrika Mashariki. Wengi wa wajumbe wake walikuwa maafisa wa serikali waliowajibika kwa gavana. Pamoja nao walikuwapo walowezi wachache walioteuliwa, akiwemo Lord Delamere, aliyekuwa na mashamba makubwa katika Bonde la Ufa. Miaka michache baadaye mfanyabiashara A. M. Jeevanjee aliteuliwa kuwa mjumbe wa kwanza mwenye asili ya Kihindi.

Walowezi hawakuridhika na uteuzi. Walidai kura, wakaipata kwa sheria ya 1919, na mwaka 1920 wakawachagua wajumbe wao wenyewe. Mwafrika hakuhusishwa katika uchaguzi huo, ingawa kodi ya kibanda ilikuwa ikitozwa tangu 1901, na sheria ya kipande ya 1915 ilianza kutekelezwa kwa ukali baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Aliyelipa kodi hakuulizwa itumike vipi. Aliyevaa kipande shingoni hakuulizwa kama alikitaka.

Mfano waliokuwa wakiutamani walowezi ulikuwa wa makoloni mengine ya Uingereza, hasa ya Australia. Huko, New South Wales, Victoria, Tasmania na Australia Kusini zilikuwa na serikali zilizowajibika kwa mabunge yao tangu miaka ya 1850, na Australia Magharibi ikafuata mwaka 1890. Mabunge hayo yalisifiwa kwa mambo mengi: Victoria ilianza kuwalipa wabunge wake mwaka 1870 ili hata asiye na mali aweze kuketi bungeni, na Australia Kusini ikawapa wanawake haki ya kupiga kura mwaka 1894. Hata hivyo, Queensland na Australia Magharibi zilitunga sheria zilizowafungia wenyeji asilia wengi mlango wa kupigia kura. Bunge la walowezi liliweza kuwa huru na papo hapo likawa kifungo kwa wenye nchi.

Walowezi wa Rhodesia ya Kusini walipewa serikali ya namna hiyo mwaka 1923. Wa Kenya walinyimwa. Katika Waraka Mweupe wa Julai 1923, serikali ya Uingereza ilitamka kuwa Kenya ni nchi ya Waafrika na kwamba maslahi yao yatatangulia pale yatakapogongana na ya wageni. Tamko hilo halikumpa Mwafrika kiti, lakini liliwazuia walowezi wasikabidhiwe nchi nzima.

Kusemewa si kuwakilishwa

Mwaka 1924 serikali ilimteua Dkt. John Arthur, mmisionari wa Kanisa la Scotland, awe mjumbe wa kuangalia maslahi ya Waafrika. Baada yake walifuata Wazungu wengine, miongoni mwao Leonard Beecher wa Kanisa la Kianglikana. Baadhi yao walikuwa watu wa nia njema. Lakini hawakuchaguliwa na waliowasemea, wala hawangeweza kuondolewa nao. Mkazi wa Kitui mwenye malalamiko aliyapeleka kwa chifu, chifu akayapeleka kwa mkuu wa wilaya, na mkuu wa wilaya ndiye aliyeamua yapi yafike Nairobi. Mabaraza ya wenyeji yaliyoanzishwa wilayani katikati ya miaka ya 1920 yaliongozwa na mkuu wa wilaya huyo huyo.

Kasoro ya mpango huo ilidhihirika Ukambani mwaka 1938. Serikali, ikidai kuwa mifugo mingi ilikuwa ikiharibu ardhi ya Machakos, iliamuru ng'ombe wapunguzwe kwa nguvu, wakanyakuliwa na kuuzwa kwa mnada. Kwa Mkamba, ng'ombe alikuwa mahari, akiba na kinga ya njaa. Wakiongozwa na Samuel Muindi Mbingu wa chama cha Ukamba Members Association, mamia ya wanaume, wanawake na watoto walitoka Machakos kwa miguu hadi Nairobi, wakapiga kambi huko kwa majuma kadhaa wakitaka kumwona gavana.

La kutafakari ni nani aliyelibeba suala lao ndani ya Legco. Isher Dass, mjumbe wa jamii ya Wahindi, ndiye aliyejitokeza kuwatetea, na maswali yakaulizwa hata katika Bunge la Uingereza, London. Serikali ililegeza kamba na kuacha kunyakua mifugo, lakini Muindi Mbingu alikamatwa na kuhamishiwa Lamu. Wakamba walishinda kwa miguu yao, si kwa kura, kwa sababu kura hawakuwa nayo. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo.

Mwafrika wa kwanza

Mwaka 1944 Eliud Mathu, mwalimu aliyesomea Chuo Kikuu cha Oxford, aliteuliwa kuwa Mwafrika wa kwanza katika Legco. Chama cha Kenya African Union kiliundwa mwaka huo huo ili kumuunga mkono. Mwaka 1947 aliongezwa B. A. Ohanga kutoka Nyanza, na mwaka 1948 viti vya Waafrika vikawa vinne. Mwaka huo pia wajumbe wasio maafisa walizidi maafisa kwa idadi kwa mara ya kwanza.

Wote hao walikuwa wa kuteuliwa. Gavana ndiye aliyekuwa na kauli ya mwisho, na mjadala uliendeshwa kwa Kiingereza, lugha ambayo wakulima wengi wa Kitui hawakuielewa. Hata kama wangeketi jukwaani kusikiliza, wasingefahamu linalosemwa juu yao.

Kura ya kwanza, lakini si sawa

Machi 1957, vita vya Mau Mau vikiwa vimezimwa msituni lakini hali ya hatari ikiendelea, Waafrika walipiga kura ya kwanza ya kuwachagua wajumbe wanane. Waliochaguliwa ni Tom Mboya, Oginga Odinga, Ronald Ngala, Masinde Muliro, Lawrence Oguda, Daniel arap Moi, Bernard Mate na, kwa kiti cha Wakamba, James Nzau Muimi. Mathu mwenyewe alishindwa na Mate.

Kura hiyo haikuwa ya kila mtu. Mpiga kura alipaswa kuonyesha kiwango fulani cha elimu, kipato, mali au utumishi, na aliyetimiza masharti mengi aliweza kuwa na hadi kura tatu. Wakikuyu, Waembu na Wameru walitakiwa pia kuwa na cheti cha utiifu kwa serikali. Walioandikishwa nchini kote walikuwa takriban 126,000 tu. Kwa hiyo mwalimu wa Matinyani aliweza kuwa na kura zaidi ya moja, ilhali jirani yake mfugaji, mlipa kodi kama yeye, asiwe na hata moja.

Pamoja na kasoro hizo, wanane hao walibadilisha mkondo wa historia. Walikataa nyadhifa za uwaziri, wakaipinga katiba iliyokuwapo na kudai viti zaidi. Mwaka 1958 viliongezwa sita, Waafrika wa kuchaguliwa wakawa 14, akiwemo Mkamba wa pili, David Mumo. Baada ya mkutano wa Lancaster House wa 1960, uchaguzi wa Februari 1961 uliwapa Waafrika wingi wa viti vya kuchaguliwa. Ulipofika uchaguzi wa Mei 1963, kila mtu mzima alikuwa na kura moja, iwe ya tajiri au ya mchunga mbuzi.

Matunda na deni

Kitui ilichuma matunda ya mageuzi hayo mapema. Eliud Ngala Mwendwa, mwana wa Chifu Mwendwa Kitavi, aliingia katika baraza la kwanza la mawaziri la Mzee Jomo Kenyatta akiwa Waziri wa Leba. Ndugu yake, Kitili Mwendwa, alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa Jaji Mkuu wa Kenya, mwaka 1968, na baadaye akawa mbunge wa Kitui Magharibi. Nyiva Mwendwa, mkewe Kitili, alikichukua kiti hicho cha Kitui Magharibi mwaka 1974, na mwaka 1995 akawa mwanamke wa kwanza nchini kuwa waziri kamili. Ni mwaka 1974 pia ambapo Kiswahili kiliruhusiwa bungeni, na mwananchi akaanza kuwasikia wawakilishi wake kwa lugha anayoielewa.

Katiba ya 2010 ilisogeza uwakilishi karibu zaidi. Kaunti ya Kitui ina maeneo bunge manane, na Matinyani ni wadi yenye mwakilishi wake katika bunge la kaunti. Kifungu cha 118 kinalitaka Bunge liendeshe shughuli zake kwa uwazi na kuwashirikisha wananchi, na cha 104 kinampa mpiga kura haki ya kumwita nyumbani mbunge wake kabla ya muda kwisha.

Haki hizo ndizo ambazo mjumbe wa kuteuliwa wa 1924 hakuwahi kuzihofia. Mwananchi anayeacha kuhudhuria vikao vya maoni, au asiyejua mbunge wake alipigaje kura kuhusu ushuru mpya, anajirudisha kwa hiari yake pale babu zake walipowekwa kwa nguvu: nje ya mlango, akisemewa na watu wasiomwogopa.