Shahamu Isitupwe Ndooni



Kila tunapokwenda kununua nyama katika mabucha ya halali ya Lawrence Avenue East, huko Scarborough, huliona jambo moja linalotuudhi. Muuza nyama hukata paja la ng'ombe, akaibandua shahamu yake nyeupe, akaitupa katika ndoo iliyo chini ya meza. Mteja naye huondoka na nyama yake, akavuka barabara kwenda kununua kopo la mafuta asiyojua yametokana na nini. Siku tulipomwomba muuza nyama wetu atuwekee kando shahamu ya figo kabla haijaingia ndooni, alicheka, akatupa mfuko mzima bila ya kutudai hata senti.

Wazee wetu wa pwani hawakuitupa. Waliokulia Lamu, Mombasa au Unguja watakumbuka majahazi yaliyolazwa ufukoni maji yakipwa, na mafundi wakiyapaka deheni chini, yaani shahamu iliyochanganywa na chokaa, ili kuzuia wadudu wa baharini wanaotoboa mbao. Juu yalipakwa sifa, mafuta ya papa, ambayo harufu yake haimtoki mtu puani maisha yake yote.

Wala jambo hili halikuwa la pwani yetu peke yake. Katika Sahih al-Bukhari, Jabir bin Abdallah anasimulia kwamba katika mwaka wa Ufunguzi wa Makka, 8 Hijria, Mtume (s.a.w.) alipotangaza kuharamishwa kwa biashara ya mzoga, aliulizwa juu ya shahamu yake, kwa kuwa watu wakiipaka vyombo vya baharini na ngozi, na wakiwashia taa. Jibu likawa kwamba ni haramu. Wanazuoni wamekhitilafiana hapo: Imamu Shafi na wafuasi wake waliona kuwa katazo ni la kuuza, wengine wakalieneza hadi kwenye kutumia. Lakini katika kula hakuna khitilafu. Shahamu hufuata hukumu ya mnyama wake.

Ndipo tunapofikia lebo za Kanada, ambazo huandikwa kwa Kiingereza na Kifaransa. "Lard", na kwa Kifaransa "saindoux", ni mafuta ya nguruwe. "Tallow" au "suif" ni shahamu ya ng'ombe au kondoo, ila neno hilo halikwambii mnyama alichinjwa vipi. Lililo gumu zaidi ni "shortening", maana halitaji asili kabisa: huenda yakawa mafuta ya mimea, huenda yakawa ya mnyama. Hatuna budi kusoma orodha nzima ya vilivyomo. Sisi, tuliofundisha watoto wa watu kusoma kwa miaka mingi, tuliwahi kuonyeshwa neno "lard" na mjukuu wa darasa la tatu, kwenye boksi la pai ambazo tayari tulikuwa tumezipanga sinia kwa ajili ya futari ya jirani. Adhana ilikuwa imebakisha dakika ishirini. Aibu ile ndiyo iliyotufanya tutafute sufuria.

Shahamu iliyo bora ni ile inayozunguka figo. Ni ngumu, nyeupe, na huvunjika vunjika mkononi. Muulize muuza nyama kama imetoka kwa mnyama yule yule aliyechinjwa kisheria, na usione haya kuuliza. Iweke kwenye jokofu kwanza ili ikatike vizuri, kisha ondoa nyama na damu yote, maana hizo ndizo zinazoleta harufu na kuharibu mafuta upesi. Ikate vipande vidogo vidogo kama vya kachumbari. Tia katika sufuria nzito pamoja na kikombe kimoja cha maji, ili isiungue kabla haijaanza kuyeyuka, halafu weka moto mdogo kabisa.

Kazi ni ya saa tatu au zaidi. Koroga mara kwa mara, na usikilize. Mwanzoni sufuria hububujika kwa sauti kubwa kwa sababu ya maji. Maji yakiisha, sauti hupungua, mafuta huwa maangavu kama chai ya rangi iliyo nyepesi, na vipande hujikunja na kuzama. Hapo zima moto. Yaache yapoe kidogo, uyachuje kwa kitambaa cha melimeli katika chupa za kioo zilizokauka kabisa. Yakiganda huwa meupe kama nta. Kilo mbili za shahamu safi hutupatia karibu kilo moja na nusu ya mafuta, na hukaa miezi kadhaa katika jokofu. Vile vipande vilivyobaki, vikitiwa chumvi na pilipili, havifiki mezani.

Tahadhari moja tumeijua kwa kuungua. Tulipigiwa simu kutoka Mombasa sufuria ikiwa jikoni, na habari za arusi si fupi. Kilichotukumbusha ni king'ora cha moshi, na jirani wa ghorofa ya juu aliyeshuka kwa kandambili mwezi wa Januari. Mafuta yakishika moto usimwagie maji hata tone, kwani yatalipuka. Zima jiko, funika kwa kifuniko, usiibebe sufuria. Mabaki nayo yasimwagwe kwenye sinki, maana huganda ndani ya mabomba, na jengo zima litakujua kwa jina.

Hatusemi kwamba shahamu ni dawa, ingawa siku hizi wapo wanaosema hivyo. Karibu nusu yake ni mafuta yale yale ambayo waganga wa moyo hutuonya juu yake, na wenye shinikizo la damu na kisukari miongoni mwetu ni wengi. Ni kweli kwamba mafuta ya mimea yaliyogandishwa viwandani, tuliyoyaamini kwa miaka mingi, yalionekana kuwa mabaya zaidi, hata Kanada ikapiga marufuku aina hiyo katika vyakula tangu Septemba 2018. Sisi tunatumia kijiko kimoja kwa muhogo au viazi vya kukaanga, na kwa chapati siku ya wageni. Kwenye kaimati hayafai. Ladha ya nyama haipatani na shira.

Mwezi uliopita tulirudi kwa muuza nyama wetu. Shahamu ya figo haimo tena ndooni. Imepangwa nyuma ya kioo, karibu na maini, na juu yake pamebandikwa bei.