Kuhami si Kuhamisha: Istilahi za Ukuta wa Ndani

Mpitimbi, wilayani Songea, baridi ya Juni na Julai huwa kali usiku. Ziko huko, kama kwingineko katika nyanda za juu, nyumba za zamani za matofali ya kuchoma yaliyojengwa kwa udongo, ambazo hufungwa miezi mingi na kufunguliwa wenyewe wajapo likizo. Hapo ndipo fundi huambiwa, “Ziba baridi.” Agizo hilo halitoshi, kwani si baridi iingiayo tu; ni joto la ndani linalopotea kupitia ukutani.

Kazi inayotakiwa ni kuhami, yaani kukinga, na kitu kinachohami ni kihami. Neno hili tayari latumika katika masomo ya umeme. Kwa ukuta twaweza kusema kihamijoto. Wapo wanaoandika “kuhamisha joto”. Hilo ni kosa, kwa sababu kuhamisha latokana na kuhama, na maana yake ni kinyume kabisa: kuliondoa joto mahali pamoja na kulipeleka pengine.

Kihamijoto hufanya kazi kwa kushika hewa iliyotulia. Tofali la kuchoma hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa hiyo. Kwa hiyo lipu nyembamba ya saruji si kihami, hata ikisawazishwa vizuri namna gani. Udongo uliochanganywa na manyasi makavu mengi, ukikandikwa kwa unene, huhami kiasi. Tabaka la mwisho linalofunika kihami twapendekeza liitwe bitana, kama ile ya koti.

Tofauti hizi zina uzito. Ukuta uliohamiwa kwa ndani haupati tena joto la chumba, hivyo matofali yake hupoa zaidi. Mvuke wa pumzi na wa sufuria ukipenya nyuma ya bitana hugeuka matone. Udongo hulainika na miimo ya milango huoza. Basi kwanza unyevu utokao paani na ardhini uzuiwe. Kisha bitana iwe ya udongo au chokaa, inayopitisha mvuke, wala si ya saruji.

Fundi aliyeambiwa “ziba” ataziba, na unyevu atauziba humo humo. Tunawaomba mafundi na wasomaji watuletee maneno wanayoyatumia katika kazi hii.