Kwa Nini Wafungua Njia Hushindwa Mwezi wa Agosti? Fizikia Katika Futiboli ya Marekani

Nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamivu nchini Marekani, kila ulipofika mwezi wa Agosti nilisikia lalamiko lile lile. Wakati huo timu za futiboli huwa katika michezo ya majaribio, ambayo huchezwa kabla ya msimu kufunguliwa na ambayo matokeo yake hayaingii katika msimamo wa ligi. Mipira ya kurushwa ilifika vizuri. Lakini kila mara mchezaji alipopewa mpira akimbie nao kupitia katikati, alikutana na ukuta wa watu akaangushwa papo hapo. Mashabiki walikata shauri upesi: watu wetu wa mbele hawana nguvu.

Makala haya yakusudia kuonyesha kwamba hukumu hiyo mara nyingi si ya haki. Kinachopungua mwezi wa Agosti kwa kawaida si nguvu, bali ni ulinganifu: ulinganifu wa muda, wa mkao wa mwili, na wa watu watano wafanyao kazi moja. Tena sababu ya kupungua kwake ni nzito kuliko mchezo wenyewe, maana yahusu ubongo wa binadamu.

Mchezo wenyewe

Futiboli ya Marekani si kandanda tuijuayo. Kila upande una watu 11 uwanjani, lakini mpira, ambao una umbo la yai lililochongoka ncha zote mbili, huchukuliwa kwa mikono. Upande wenye mpira hupewa nafasi nne za kusogea mbele yadi 10, yaani mita 9.14. Ukishindwa, wapinzani huuchukua. Kila nafasi huanza pande zote mbili zikiwa zimetulia na kutazamana, zikitengwa na upenyo ulio sawa na urefu wa mpira, yaani sentimeta 28 hivi. Mtu wa kati huutoa mpira kwa nyuma kupitia katikati ya miguu yake, na hapo pambano huanza.

Mbele ya upande huo hujipanga watu watano: mtu wa kati, na wawili kila upande wake. Katika ligi ya kulipwa, NFL, kila mmoja wao huwa na kilo 140 hivi. Katika makala haya tutawaita wafungua njia. Mpira unapokusudiwa kurushwa, wao hurudi nyuma kidogo na kumkinga mrushaji. Mkimbiaji anapopewa mpira, kazi yao hugeuka: hawana budi kuwasukuma walinzi waliosimama mbele yao, ili upatikane mwanya wa kupita. Mwanya huo hufumba upesi, na mkimbiaji asipoupata kwa wakati wake hana pa kwenda.

Thamani ya sehemu ya tano ya sekunde

Wafungua njia wana faida moja kubwa kuliko walinzi. Wao wamekwisha kuambiwa ni kwa ishara ipi mpira utatolewa. Mlinzi hana habari hiyo. Yeye hungoja auone mpira ukitikisika. Binadamu huhitaji kiasi cha sekunde 0.2 kuitikia jambo alionalo kwa macho. Je, muda mfupi kama huo una maana yoyote? Na tufanye hesabu.

Tuchukue mfungua njia wa kilo 140 na mlinzi wa kilo 130, mabega yao yakiwa mbali kwa mita 0.4. Tuseme kila mmoja aweza kuongeza mwendo wake kwa mchapuko wa mita 4 kwa sekunde kwa sekunde. Mfungua njia akianza sekunde 0.2 kabla ya mwenzake, watagongana baada ya sekunde 0.4. Wakati huo yeye atakuwa na mwendo wa mita 1.6 kwa sekunde, na mlinzi mita 0.8 kwa sekunde tu. Mwanafunzi ahakikishe kwamba umbali waliokwenda, mita 0.32 na mita 0.08, ukijumlishwa unatimiza mita 0.4.

Momenta ni tungamo likizidishwa kwa mwendo. Ya mfungua njia ni 140 × 1.6 = 224; ya mlinzi ni 130 × 0.8 = 104, nayo inaelekea upande wa pili. Wawili hao wakishikamana, momenta inayobaki ni 120, nayo ikigawanywa kwa kilo 270 za jumla yao, tunapata mita 0.44 kwa sekunde. Mlinzi anarudi nyuma, na mwanya unafunguka.

Sasa tuseme mfungua njia amesitasita, wakaanza pamoja. Watagongana kila mmoja akiwa na mwendo wa mita 1.26 hivi kwa sekunde. Hesabu ile ile itatupa mita 0.05 tu kwa sekunde, yaani karibu wasimame pale pale. Nguvu za watu hawa hazikubadilika hata kidogo, wala uzito wao. Kilichopotea ni sehemu ya tano ya sekunde.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame

Walimu wa mchezo huu hawachoki kuwaambia vijana wao wainame. Mkao huo una sababu yake katika fizikia, nayo ni msuguano.

Mlinzi hushikilia mahali pake kwa msuguano baina ya viatu vyake vya njumu na ardhi. Msuguano huo hutegemea jinsi anavyoikandamiza ardhi. Mtu wa kilo 130 huikandamiza kwa kani ya 130 × 9.8, yaani nyutoni 1,274. Tukichukulia kwamba kizigeu cha msuguano ni 1, aweza kuhimili msukumo wa mlalo wa hadi nyutoni 1,274 kabla ya kuteleza.

Mfungua njia akimsukuma kwa nyutoni 1,000 akiwa amesimama wima, kani yote inakwenda kwa mlalo, na mlinzi hasogei. Lakini akiinama, akaingiza mikono chini ya kifua cha mlinzi na kusukuma kuelekea juu kwa pembe ya digrii 30, kani ile ile inagawanyika sehemu mbili. Sehemu ya mlalo ni nyutoni 866. Sehemu ya wima ni nyutoni 500, nayo inamwinua mlinzi. Sasa mlinzi anaikandamiza ardhi kwa nyutoni 774 tu, na msuguano wake hauwezi kuzidi hapo. Kwa kuwa 866 ni kubwa kuliko 774, mlinzi anateleza. Kwa kanuni ya tatu ya Newton, zile nyutoni 500 zinamrudia mfungua njia na kumkandamiza yeye ardhini, hata miguu yake ikashika zaidi.

Mwalimu aweza kulionyesha jambo hili darasani kwa mizani ya springi na kiatu chenye soli ya mpira, kilichotiwa jiwe ndani. Kivutwe juu ya sakafu ya saruji, kwanza kwa mlalo, kisha kwa kuinua uzi kidogo. Wanafunzi waandike usomaji wa mizani kila mara, halafu waeleze tofauti waionayo.

Kuinama kuna gharama yake. Mapaja huchoka, na mtu aliyechoka huinuka bila kujijua. Katika wiki za kwanza za mazoezi, chini ya jua kali la kiangazi cha huko, ndipo miili inapoinuka mapema.

Watu watano, mnyororo mmoja

Mpaka hapa tumemtazama mtu mmoja. Lakini njia hufunguliwa na watano, na mmoja tu akishindwa, mlinzi aliyemponyoka aweza kumwangusha mkimbiaji. Tuseme kila mmoja hufanikiwa mara 95 katika 100, na kushindwa kwa yeyote kwatosha kuharibu kazi yote. Uwezekano wa watano wote kufanikiwa pamoja ni 0.95 ikizidishwa yenyewe mara tano, yaani 0.77 hivi. Kiwango cha kila mmoja kikishuka hadi 0.85, uwezekano huo unaanguka hadi 0.44. Upungufu mdogo kwa kila mtu umekuwa upungufu mkubwa kwa timu. Mtazamaji aliye jukwaani huona ukuta mzima umebomoka, kumbe kila mmoja amekosea kidogo tu.

Tena kazi yenyewe ni ya kushirikiana. Mara nyingi wawili humsukuma mlinzi mmoja, kisha mmoja wao humwacha na kumwendea mlinzi wa nyuma. Akimwacha mapema, wa kwanza hupenya. Akichelewa, wa pili huwahi kuziba mwanya. Muda huo haufundishwi ubaoni. Mchezaji huufahamu kwa bega lake linapogusana na bega la mwenzake, baada ya kurudia jambo lile lile mara nyingi.

Ushahidi wa uwanjani upo. Mwaka 1998 timu ya Denver Broncos ilikuwa na wafungua njia waliokuwa miongoni mwa wepesi katika ligi. Mwalimu wao, Alex Gibbs, aliwafundisha kusogea wote upande mmoja kwa hatua zinazolingana. Mkimbiaji wao, Terrell Davis, alikimbia na mpira mara 392 akapata yadi 2,008, yaani mita 1,836, na timu ikatwaa ubingwa. Kama uzito ungekuwa ndio kila kitu, jambo hilo lisingewezekana.

Hata kabla ya hapo, Vince Lombardi aliifundisha timu ya Green Bay Packers kuanzia mwaka 1959 hadi 1967, akatwaa nayo ubingwa mara tano. Alijulikana kwa kurudia mchezo mmoja hasa, ambamo wafungua njia wawili huacha nafasi zao na kukimbia kando mbele ya mkimbiaji. Walimu wenzangu watafurahi kusikia kwamba kabla ya umaarufu wake, Lombardi alifundisha fizikia, kemia na Kilatini katika shule ya sekondari ya St. Cecilia, huko Englewood, New Jersey.

Kwa nini Agosti?

Sasa twaweza kulijibu swali letu. Kurusha na kudaka mpira hufanyiwa mazoezi kwa mavazi mepesi, bila mtu kugongana na mtu. Kumfungulia njia mkimbiaji hakujifunziki hivyo. Zipo mashine zenye mito ya kusukumwa, lakini mashine haidanganyi, haikwepi, wala haisukumi kwa hila. Ni mtu aliyevaa mavazi kamili ya kinga, anayepinga kweli kweli, awezaye kumfundisha mfungua njia kazi yake. Zaidi ya hayo, mwezi wa Agosti walimu hujaribu wachezaji wengi wapya, na wazoefu hupumzishwa. Watano wanaosimama pamoja leo huenda hawakusimama pamoja jana.

Na mazoezi hayo ya kugongana sasa hutolewa kwa kipimo. Mkataba wa mwaka 2011 baina ya NFL na chama cha wachezaji ulipiga marufuku kufanya mazoezi ya mavazi kamili mara mbili kwa siku moja, na mazoezi ya namna hiyo yakawekewa kikomo cha 14 katika msimu mzima wa ligi. Mwaka 2021 hata michezo ya majaribio yenyewe ilipunguzwa kutoka minne hadi mitatu.

Ili kuelewa sababu ya tahadhari hiyo, yatupasa tumkumbuke mfungua njia mmoja. Mike Webster alikuwa mtu wa kati wa Pittsburgh Steelers tangu mwaka 1974 hadi 1988, akatwaa ubingwa mara nne. Alifariki mwaka 2002 akiwa na umri wa miaka 50, baada ya miaka mingi ya kuchanganyikiwa na mateso ya akili. Daktari aliyeuchunguza ubongo wake alikuwa Mwafrika: Bennet Omalu, mzaliwa wa Nigeria, aliyesomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Nigeria. Kwa macho ubongo ule ulionekana wa kawaida. Omalu hakuridhika. Aliukata vipande vyembamba, akavitia rangi za maabara na kuvitazama kwa hadubini, akakuta mrundikano wa protini iitwayo tau, dalili ya ugonjwa unaohusishwa na mapigo ya kichwa ya kurudiarudia. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2005, na uongozi wa ligi ukayapinga kwa miaka kadhaa.

Mfungua njia hugongana na mtu karibu kila nafasi ya mchezo. Mapigo mengi kati ya hayo hayamwangushi wala hayamzimishi, na kwa hiyo zamani hayakuhesabiwa. Siku hizi wataalamu wanayahesabu, maana madhara yaweza kujikusanya.

Basi hapa pana mgongano wa mambo mawili ya kweli. Kazi ya wafungua njia hujifunzwa kwa kugongana, na kugongana huumiza ubongo. Ligi ikipunguza mazoezi ya namna hiyo, lazima wafungua njia wachelewe kulingana, na mkimbiaji ataangushwa mwezi wa Agosti. Mimi naona gharama hiyo ni ndogo. Yadi zilizopotea katika mchezo usiohesabiwa hurudishwa mwezi wa Oktoba.

Somo hili latuhusu sisi pia, ingawa vijana wetu hucheza kandanda. Mwaka 2020 vyama vya kandanda vya England, Scotland na Ireland ya Kaskazini viliagiza kwamba watoto wa umri wa shule ya msingi wasifundishwe kupiga mpira kwa kichwa mazoezini. Mwalimu wa michezo anayewapanga wanafunzi mstari na kuwarushia mpira waupige kwa kichwa mara thelathini kila jioni ajiulize anapata nini, na kwa gharama ya nani.