Baridi Pekee Haitukingi na Malaria

IMEKUWA desturi miongoni mwetu wakazi wa nyanda za juu za Bonde la Ufa kuamini kwamba malaria ni maradhi ya Pwani na ya kandokando ya Ziwa Victoria. Hapa Olkaria nimeisikia kauli hiyo mara nyingi: mbu wa huku, twaambiwa, hupiga kelele tu, baridi imekwisha kumvunja nguvu.

Kauli hiyo ina chembe ya ukweli. Ziwa Naivasha, jirani yetu, liko mita zipatazo 1,890 juu ya usawa wa bahari, na kimelea cha malaria hukua polepole mno penye baridi. Katika nyuzi 18 za Selisiasi huhitaji takriban siku 56 kukomaa ndani ya mbu, na ni mbu wachache sana wanaoishi muda huo. Joto likipanda hadi nyuzi 22, siku 19 hivi zatosha. Basi kati ya usalama na msiba pana nyuzi nne tu.

Ndugu zetu wa Kisii, Kericho na Nandi walijifunza hayo kwa uchungu milipuko ya malaria ilipowakumba katika miaka ya 1990. Wao pia waliitegemea baridi. Isitoshe, mkazi wa miinuko hana kinga ya mwili ambayo mtu wa Siaya au Busia huijenga kwa kuugua mara kwa mara tangu utotoni. Ndiyo sababu ugonjwa ukizuka milimani hauchagui mtoto wala mtu mzima.

Nakubali kwamba Nakuru ingali miongoni mwa maeneo yenye hatari ndogo. Hata hivyo, wafanyakazi wengi wa mashamba ya maua na wa mitambo ya mvuke wana jamaa magharibi mwa nchi. Huenda kwao Krismasi na kurejea Januari, na baadhi yao huenda wakarejea na kimelea damuni. Si kosa lao, wala si haki kuwanyoshea kidole. Kinachosubiriwa ni mbu wa kukisambaza, na huyo twamwalika sisi wenyewe.

Twamwalika vipi? Mbu wa malaria hupenda kutaga katika maji yaliyotulia yanayopigwa na jua: shimo la changarawe, mtaro ulioziba, hata alama za kwato za ng'ombe. Kule Kisii, mashimo ya wafyatuaji matofali yaliyoachwa wazi yaligeuka kuwa mazalio yao. Nasi huku, kila barabara na kila nyumba inayojengwa huacha shimo lake.

Njia zipo. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2007 ulionyesha kwamba samaki aina ya ngege walipotiwa katika mabwawa yaliyotelekezwa huko Kisii, viluwiluwi vya mbu wa malaria vilipungua kwa zaidi ya asilimia 94 katika wiki 15. Bwawa hilo huwa kitoweo na kinga kwa pamoja.

Rai yangu ni hii: aliyechimba shimo na alifukie kabla ya masika, na mwanakandarasi asihesabiwe kuwa amemaliza kazi kabla ya kufanya hivyo. Msafiri na abebe chandarua chake. Mwenye homa na apimwe mara moja, amweleze mhudumu wa afya alikotoka.

Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi wa Bonde la Ufa hatuna udhuru wa kutoielewa methali hiyo.