Ghala la Faili Ndani ya Kumbukumbu

Katika Linux, faili zilizowekwa katika mfumo uitwao tmpfs hazikai diskini, bali katika kumbukumbu ya kompyuta. Ghala la namna hii, lisipowekewa mpaka wake, laweza kufikia nusu ya kumbukumbu yote. Maghala mawili yakijaa, na diskini hamna nafasi ya akiba, hakisalii kitu. Hapo Linux huua programu ili kupata nafasi. Lakini programu yafa, faili zabaki. Nafasi hairudi, na mashine yaganda. Basi atafutaye chanzo asiilaumu programu iliyouawa. Na atazame kwanza, kwa amri ya df, kila ghala limejaa kiasi gani. Afute faili zisizohitajiwa. Kisha aweke mpaka kwa neno size. Mashine ikiwashwa upya, faili hizo hupotea, na ushahidi pamoja nazo.