Kutafuta Mahali Hewa Inapovuja: Somo la Kupima kwa Madarasa ya Juu ya Shule ya Msingi

Kila mwanachuo aliyekwenda kwenye mazoezi ya kufundisha amekwisha kuona somo la hewa likifundishwa kwa tyubu ya baiskeli na karai la maji. Mwalimu huijaza tyubu upepo, huitumbukiza majini, mapovu hutoka, na watoto hushangilia. Jaribio hilo ni zuri wala sina nia ya kulipinga. Hata hivyo lina upungufu mmoja: watoto wanalijua jibu kabla ya swali kuulizwa. Wamemwona fundi baiskeli wa kijijini akifanya vivyo hivyo mara nyingi, na kazi yote ya kufikiri imefanywa na maji. Makala haya yanakusudia kuonyesha jinsi mwalimu anavyoweza kusonga mbele kutoka hapo kwa kuuliza swali gumu zaidi: itakuwaje ikiwa kitu kinachovuja hakiwezi kutiwa majini?

Mfano nitakaoutumia unatoka mbali, Marekani. Nimeuchagua kwa sababu mfumo wake una sehemu chache zinazoweza kuchorwa zote ubaoni, na kwa sababu matengenezo yake yanadai fikra kuliko nguvu. Kwa modeli za mwaka 1973 hadi 1978 kampuni ya General Motors iliunda huko Pontiac, katika jimbo la Michigan, gari la kuishi lililoitwa GMC Motorhome. Gari la kuishi ni gari lenye vitanda, jiko na choo ndani yake, ambalo jamaa husafiri nalo na kulala humo. Katika gari hili injini huyazungusha magurudumu ya mbele, kwa hiyo hapana mtaimbo unaopita chini ya sakafu kwenda nyuma, na sakafu iliweza kuwekwa chini sana. Nyuma kuna magurudumu manne, mawili kila upande, moja likifuata jingine. Kila gurudumu limeshikwa na mkono wa chuma, na kati ya mikono miwili ya upande mmoja umelazwa mfuko wa mpira uliojaa hewa. Mfuko huo ndio springi. Gari zima likipakiwa huzidi uzito wa tani 4, na uzito wote wa nyuma huegemea mifuko miwili tu.

Hewa hutoka katika kompresa ndogo ya umeme, huingia katika tangi, kisha hupita katika mirija myembamba hadi kwenye vali moja kila upande, na kutoka hapo huingia mfukoni. Vali hiyo ina wenzo uliounganishwa na mkono wa gurudumu. Sakafu ikishuka kupita kiasi, wenzo hufungua njia ya kuingiza hewa; ikipanda kupita kiasi, hewa hutolewa nje kwa tundu la kupumulia. Mwanachuo na auchore mfumo huu kabla ya kuendelea kusoma, kwani mambo yafuatayo yote yanategemea mchoro huo.

Gari la umri huu halikosi kuvuja. Mpira hupasukapasuka, mirija ya plastiki hukakamaa, na vizibo vidogo vya mpira vilivyo ndani ya vali hunywea. Dalili ni mbili. Asubuhi gari huonekana limeinama nyuma, pengine upande mmoja tu. Au wakati wa safari kompresa huunguruma kila baada ya dakika chache, hata ikaungua kwa kufanya kazi isiyokwisha. Hapo mwenye gari hushawishika kununua mfuko mpya. Mfuko ni mkubwa, unaonekana, na kila mtu huamini kwamba penye mpira ndipo penye pancha. Lakini mfuko ni kitu cha gharama na kuubadilisha ni kazi nzito, nalo kosa huenda likawa katika kiungo cha shaba kisichozidi ukubwa wa kidole gumba. Mtu anayebahatisha hununua mfuko, hupoteza siku nzima, na kesho yake gari huinama tena.

Fundi makini huanza kwa kupima. Je, apime nini? Wengi watajibu kwamba apime kanieneo, yaani apachike geji kwenye mfuko na kuangalia kama mshale unashuka. Jibu hili linaelekea kuwa sahihi, kumbe sivyo. Tuchukue mfano wa darasani: mfuko unabeba mzigo wa kilo 1,000, na eneo linalobeba ni sentimeta za mraba 200. Kila sentimeta ya mraba hubeba kilo 5. Sasa hewa inavuja na gari linashuka kutoka kimo cha sentimeta 30 hadi 25. Mzigo ni ule ule, kilo 1,000. Eneo halikubadilika sana. Kwa hiyo kanieneo nayo hubaki karibu pale pale! Geji haitasema lolote la maana mpaka gari lishuke kabisa na kukalia chuma, na hapo ndipo mshale utakapoanguka. Geji inapima uzito wa mzigo, haipimi wingi wa hewa iliyobaki. Kinachobadilika ni kimo, na chombo cha kupimia kimo ni rula.

Nawaomba wanachuo watue kidogo hapa, maana jambo hili linawahusu hata wasipofundisha sayansi. Mwalimu anayeuliza, “Mmeelewa?” na kuitikiwa, “Ndiyo, mwalimu!” amesoma geji ya namna hiyo. Itikio litabaki lile lile wiki hata wiki, hadi siku ya mtihani.

Basi gari huegeshwa mahali tambarare, kompresa huzimwa, na kimo kutoka ardhini hadi alama iliyowekwa kwenye ubavu wa gari hupimwa pande zote mbili. Haitoshi kupima jioni na asubuhi tu. Hewa ikipoa husinyaa: ikiwa jioni ni nyuzi 30 za sentigredi na alfajiri ni nyuzi 10, ujazo wa hewa mfukoni hupungua kwa karibu sehemu 7 katika 100, bila tundu lolote. Anayepima mara moja ataulaumu mfuko usio na hatia. Lakini hewa iliyopoa huacha kushuka ubaridi ukikoma, hali inayovuja huendelea. Ndiyo maana vipimo viwe vinne au vitano, kila kimoja kikiandikwa pamoja na saa na joto.

Ikidhihirika kwamba upande mmoja unavuja, fundi huugawa mfumo. Hufunga njia kati ya vali na mfuko. Gari likiendelea kushuka, kosa liko upande wa mfuko. Likisimama, kosa liko kwenye vali au mrija unaoielekea. Tundu la kupumulia la vali huchunguzwa kwa namna nyepesi inayonipendeza sana: kipande cha mrija huchomekwa hapo na ncha yake huzamishwa katika glasi ya maji. Vali nzima haitoi povu gari linapotulia. Maji ya sabuni hupakwa mwisho, penye viungo vichache vilivyobaki kushukiwa.

Matengenezo yenyewe ni mafupi kuyaeleza. Mrija uliokakamaa hukatwa ncha yake kwa kisu kikali, mkato uwe mnyoofu wala usiwe wa mshazari, na pete ndogo inayoubana hubadilishwa. Kiungo kisikazwe kwa nguvu nyingi, kwani shaba hupasuka. Vali chafu husafishwa au hubadilishwa. Mfuko wenye nyufa zinazofika kwenye nyuzi za ndani hauzibwi kiraka kama tyubu ya baiskeli, hutupwa.

Jambo moja nalitenga na mengine, na mwalimu alitamke mbele ya watoto kwa sauti nzito. Gari linaloshikiliwa na hewa halishikiliwi na kitu. Kiungo kikiachia, tani nzima hushuka kwa kufumba na kufumbua, na aliye chini yake hana nafasi ya kutoka. Fundi hafiki chini ya gari hilo kabla ya kuliegemeza kwenye vigingi vya chuma vilivyo imara, wala halitegemei jeki peke yake, wala halegezi kiungo kabla ya kutoa hewa. Watoto wetu huchezea chini ya malori na mabasi yaliyoegeshwa, na mengi ya mabasi ya siku hizi yana mifuko ya hewa pia. Onyo hili ni lao tangu leo.

Sasa twende darasani. Vifaa vinavyohitajiwa ni mpira wa ndani wa kandanda, pampu ya baiskeli, mpira mwembamba wa kupitishia maji uliokatwa vipande tisa, ubao wa nusu meta, tofali, vitabu na rula. Viungo vitatengenezwa kwa magamba manane ya kalamu za wino zilizokwisha. Magamba mengi ya namna hiyo yana tundu dogo ubavuni, nalo hutufaa sana. Mwalimu huyafunika matundu yote manane kwa utepe wa kunata, kisha hutoboa utepe mmoja kwa pini pasipo kuonwa. Vipande vya mpira huunganishwa kwa magamba hayo, ncha moja ikiingia katika mpira wa kandanda na nyingine ikielekea pampu. Ubao huegemezwa upande mmoja juu ya tofali na upande mwingine juu ya mpira, na vitabu huwekwa juu yake. Mwalimu ajaribu mfumo mzima siku moja kabla, ahakikishe kwamba hauvuji mahali pengine popote.

Upepo ukiisha kujazwa, ncha ya pampu hukunjwa na kufungwa kwa uzi. Watoto hupima kimo cha ubao kila dakika mbili na kuona kwamba kinashuka. Swali ni moja: ni gamba lipi kati ya manane? Sabuni ifichwe kabatini. Waacheni wabahatishe kwanza, majina ya magamba yaandikwe ubaoni, na mwalimu asiseme neno. Kisha aulize ni wapi pa kuukunja mrija ili jaribio moja liwaondolee magamba mengi iwezekanavyo. Mara nyingi mtoto mmoja atasema katikati. Mrija ukikunjwa baada ya gamba la nne, na ubao ukaacha kushuka, tundu liko upande wa pampu. Ukiendelea kushuka, liko upande wa mpira. Mawili yamekuwa manne, manne yamekuwa manane kwa kurudi nyuma: majaribio matatu yanatosha. Kila mara ubao urudishwe kwanza kwenye kimo cha mwanzo. Hapo ndipo sabuni itolewe, kuthibitisha gamba lililotajwa.

Katika kusahihisha, alama zitolewe kwa jedwali la vipimo na kwa sababu iliyoandikwa kabla ya kila mkunjo. Kundi lililotaja gamba sahihi bila jedwali lirudie kazi. Kundi litakalomaliza mapema lipewe mfumo wenye matundu mawili, moja kila upande wa katikati, pasipo kuambiwa. Litakunja mrija na kuona kwamba ubao unaendelea kushuka, litalitafuta na kuliziba tundu la upande wa mpira, kisha litafungua mkunjo na kukuta ubao unashuka tena, polepole zaidi kuliko mwanzo.